Mkwe Hatumiwi Sura

Kwa watu wa mume wangu, mke wa mtoto hasemezani na baba mkwe. Si kwamba mna ugomvi, ni heshima. Hamsalimiani, hamli pamoja, hampishani mlangoni, na yeye akishika njia hii wewe unashika ile, ikibidi hata kupita kwenye majani. Wanatoka Tukuyu, kwenye baridi na migomba, na jambo hilo wanalishika sawasawa. Mimi nimezaliwa Mtoni, Temeke, kwa mama ambaye akitumwa chumvi dukani husalimia mtaa mzima mpaka anasahau alichotumwa. Mtoto wa mama huyo ndiye waliyempata kuwa mkamwana, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto.

Siku ya kwanza kupelekwa ukweni nilishuka kwenye gari, nikamwona mzee mrefu amevaa koti, nikajua tu kwamba ndiye. Nikamkimbilia. Kweli nilikimbia, kwa kiherehere changu, nikapiga goti, nikamshika mkono na kusema shikamoo baba kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mzee akautoa mkono wake polepole, akageuka, akaingia kwenye migomba na hakutokea tena mpaka nilipoingizwa ndani. Mume wangu alikuwa amenieleza, siwezi kumsingizia, lakini nilidhani ni mambo ya zamani, ya kuelezwa tu. Nililia siku mbili. Kwa miaka mitano baada ya hapo sikumsogelea baba mkwe wangu hata hatua kumi.

Kisha macho yake yakaziba. Mtoto wa jicho, yote mawili, na la kulia ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe, anawasalimia ng'ombe akidhani ni watu. Mume wangu akapanga aje afanyiwe upasuaji Dar es Salaam, akae kwetu Wazo. Mzee akakataa katakata. Hawezi kulala nyumba moja na mkamwana, bora apofuke. Mazungumzo hayo ya simu yalichukua wiki nzima, na mimi nilikuwa nikiyasikiliza jikoni roho juu, maana kikwazo kilikuwa mimi. Mwisho akakubali kwa sharti moja: atalala kwenye chumba cha uani, chenye mlango wake.

Alipofika, daktari alipima presha yake akatikisa kichwa. Akasema hamgusi mtu mwenye presha ile. Anywe dawa kwa saa zake, apunguziwe chumvi, arudi baada ya wiki mbili. Mume wangu anafanya kazi za zamu, leo asubuhi, kesho mchana. Kwa hiyo anayeshinda nyumbani na mzee, na dawa zake, na chumvi yake, ni mimi na mtoto wa miezi tisa.

Tuliishi kwa kikohozi. Mzee akitaka kutoka kwenda bafuni alikohoa, mimi nikajificha. Nilikuwa naweka chakula kwenye stuli mlangoni pake, nagonga mara mbili, natoka mbio. Lakini siku ya tatu lori lilikuwa linapita nje, sikusikia kikohozi. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni, nafua nepi, nikainua kichwa nikaona miguu. Nilijitupa nyuma ya simtanki la maji na mapovu yangu mpaka kwenye viwiko. Mzee, masikini, hakuwa hata anaona vizuri ni nani, lakini alijua. Alisimama pale amejifunika taulo kichwani, naye ananikwepa ilhali hata hanioni. Tukakaa hivyo, yeye upande huu wa tanki, mimi upande ule, mpaka mtoto alipolia na kila mtu akapata sababu ya kuondoka. Siku hiyo hakula mchana. Jioni akamwambia mwanawe kwamba anataka kurudi nyumbani.

Mume wangu akakuna kichwa. Kuniandikia ujumbe mzee hawezi, kwa sababu maandishi aliyaona kama sisimizi. Kumtumia sauti siwezi, kwa sababu sauti ya mkamwana ni mkamwana mwenyewe. Simu alikuwa nayo, kubwa, watoto wake walimnunulia. Ndipo mume wangu, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kunishangaza kwa kitu chochote cha simu, akakumbuka kwamba ukituma emoji moja, peke yake, inatokea kubwa. Akajaribu mbele ya baba yake. Ndizi.

"Hiyo ni nini, baba?"

"Ndizi," mzee akasema. "Tena imeiva."

Niliisikia sauti ya mume wangu kutoka uani mpaka jikoni akicheka kama mtoto.

Hapa lazima niseme kitu. Mimi ni fundi cherehani na wateja wangu wote wako kwenye simu, kwa hiyo emoji nazijua kama ninavyoijua futi yangu. Mteja akituma moto mara tatu, gauni limemkaa na ataleta na mashosti zake. Akituma mikono iliyounganishwa, shika kichwa, anataka nguo ya Jumamosi iwe tayari Alhamisi. Yule anayetuma uso unaocheka mpaka machozi mwisho wa kila sentensi hacheki hata kidogo. Amekaa kitandani uso mkavu, anaona haya kuniomba kitu, anatanguliza kicheko nisimkasirikie. Mume wangu naye ana emoji moja tu tangu nimjue, dole gumba. Nimwandikie mtoto ameota jino, dole. Nimwandikie bati linavuja, dole. Siku niliyomwandikia kwamba nampenda, bila sababu, katikati ya kazi, alinitumia dole gumba, na nilimnunia mpaka kesho yake.

Watu husema emoji ni uvivu wa kuandika. Sikubali, na nikianza kubishana juu ya hili sinyamazi. Kwetu Mtoni mtu hasimulii kwa mdomo peke yake. Mama yangu akikueleza kwamba jirani kagombana na mumewe, nyusi zinapanda, mkono unakwenda kiunoni, midomo inabetuliwa kuelekea nyumba inayohusika. Ukiyaandika maneno yaleyale kwenye simu yanalala tu, kama yameandikwa na karani. Mimi emoji zilinirudishia nyusi zangu.

Basi mume wangu akaweka makubaliano. Mtu anayetembea maana yake natoka, nipishe. Nyumba maana yake nimeingia ndani, kuko salama. Kidonge ni saa ya dawa, na jibu lake ni dole gumba. Hilo la dole lilikuwa wazo lake, bila shaka. Kwenye simu ya mzee akaniwekea picha ya cherehani yangu, kwa sababu picha ya uso wangu isingefaa, akamwonyesha: ukiona cherehani, ndiye.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nikiwa nimembeba mtoto nilibonyeza kidonge. Miaka mitano! Nikaangalia simu, nikaangalia dirisha la chumba cha uani, nikarudi kwenye simu. Ikalia. Dole gumba, kubwa, la njano. Nilirukaruka pale jikoni mpaka mtoto akaanza kucheka bila kujua tunachekea nini. Dole la mume wangu huniua, dole la baba yake lilinipa wazimu wa furaha.

Siku mbili za mwanzo tulikwenda kwa makubaliano. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, simu ikalia nikakuta kitu ambacho hakikuwemo. Kikopo cha chumvi. Nikakitazama. Kikaja tena. Mzee anadai chumvi! Nikatafuta mpaka nikapata kile kiduara chekundu chenye mstari, nikamtumia. Akarudisha chumvi. Nikarudisha kiduara. Chumvi. Kiduara. Tulikwenda hivyo labda mara nane, wateja wananisubiri, pasi inaunguza, na mimi nimesimama nabishana na baba mkwe wangu, na nikagundua kwamba mwenzangu naye anafurahi. Mwishowe akatuma ng'ombe. Sikuelewa mpaka jioni nilipomuuliza mume wangu, akasema kwao chakula kisicho na chumvi ni cha ng'ombe.

Tangu hapo hapakuwa na kuzuia. Nikichelewesha chakula ananitumia konokono. Mimi namjibu kwa mwanamke anayekimbia, kisha nakimbia kweli. Akitaka chai ni kikombe, akiitaka na tangawizi ni kikombe halafu moto. Mtoto akilia sana ananitumia chupa ya maziwa, kama kwamba sijui kazi yangu. Jirani wa nyuma alikuwa na vijana wanaopiga singeli kuanzia saa nne asubuhi, kuta zinatikisika, na mimi nikawa nahofia presha ya mzee. Nikamtumia sikio, kumuuliza kama anasumbuliwa. Akanitumia yule mwanamke mwenye gauni jekundu anayecheza. Nilikaa chini sakafuni. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, na bila kufikiria nikamtumia uso unaocheka, ule wenye machozi, maana nilikuwa natoa machozi kweli.

Nataka mnielewe furaha ile ilikuwa ya namna gani. Nilikuwa naamka kabla ya mtoto, natamani kuche. Kila simu ikilia napangusa mikono kwenye nguo. Mtu niliyemjua kwa miaka mitano kuwa ni koti refu linaloingia kwenye migomba, kumbe ni mtani, tena hatari kuliko wajomba zangu wote wa Temeke. Na presha ilikuwa inashuka. Mume wangu aliipima kila jioni na kuandika kwenye karatasi, na karatasi ile niliibandika kwenye friji.

Jumapili ikaja, na shangazi akaja. Ni dada yake mzee, anakaa Mbezi Beach, na alitoka kanisani moja kwa moja, na kilemba chake. Walikaa uani, mimi nikiwa jikoni nawaandalia. Mzee alikuwa anamwonyesha dada yake ustadi wake wa simu, na kama walivyo wazee wenye kitu kipya, hakujua wapi pa kuishia. Nilisikia anacheka. Kisha nikasikia hacheki. Kisha shangazi akaingia jikoni na simu ya mzee mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. We mkamwana, unataniana na baba mkwe wako?"

"Sijamsemesha, shangazi. Wallahi hata neno moja. Hizo ni picha tu, kwa ajili ya dawa."

"Picha." Akainua simu, akaisogeza kwenye pua yangu. "Chumvi nimeona. Kidonge nimeona. Konokono sijui wa nini, lakini sawa. Na hii je?"

Ulikuwa ule uso wangu unaocheka.

"Hiyo ni emoji, shangazi, kila mtu anayo kwenye simu yake. Siyo mie hiyo."

"Ina macho?"

"Ndiyo."

"Ina meno?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na wakati unaituma, wewe ulikuwa unafanyaje?"

Nikageukia vitunguu vyangu.

"Ulikuwa unacheka. Basi hiyo ni sura yako. Sie kwetu mkamwana hamwonyeshi mkwe sura, na simu nayo ni hivyohivyo. Vitu mtume. Mkwe hatumiwi sura."

Akatoka kwenda kumwambia kaka yake hukumu hiyohiyo, na mzee hakubisha. Mimi nilikasirika kweli. Nilikata vitunguu kwa hasira mpaka vikawa uji. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba shangazi alikuwa sahihi. Hajawahi kuwa na akaunti popote, lakini alielewa jambo ambalo wateja wangu hawalielewi: kwamba anayetuma uso, uso ule ni wake, hata kama kauazima. Kama kituko kile cha njano kingekuwa si chochote, kwa nini nilikuwa nimefurahi vile?

Mzee alishika amri. Mtu anayetembea, nyumba, dole. Chumvi haikuja tena, wala konokono. Nilichelewesha chakula makusudi siku moja nione kama atanitukana kwa konokono. Wapi. Alisubiri tu, mlango umefungwa. Nikajua yamekwisha, nikaanza kuhesabu siku za upasuaji ili mambo yaishe vizuri aende zake, na mimi nibaki na cherehani yangu.

Mchana wa siku moja kabla ya upasuaji mume wangu alikuwa zamu ya mchana. Kazini kwake simu huachwa kwenye kabati getini, humpati mpaka atoke. Nilipeleka ndizi za nazi, zisizo na chumvi, nikagonga mara mbili, nikatoka. Saa nane nikarudi kuchukua sahani. Ilikuwa kama nilivyoiacha, imefunikwa. Nikatuma kidonge. Hakuna dole. Nikatuma tena. Saa tisa kasoro simu ikalia nikaifungua mbio, nikakuta begi la safari. Nyuma yake likaja basi.

Basi la Tukuyu huondoka alfajiri, na upasuaji ulikuwa saa tatu asubuhi. Wiki mbili za vidonge, karatasi kwenye friji, nafasi ambayo tuliisubiri kwa foleni, na mzee anafunga mizigo. Nikafikiria kumpigia shangazi, nikaona atasema mtu mzima ameamua. Nikatoka mpaka mlangoni pa chumba cha uani, ngumi nimeshainua, maneno yamejaa mdomoni. Baba, usiende. Maneno mawili tu. Lakini nilimjua sasa. Nikimsemesha, hatangoja hata alfajiri, atatoka palepale na begi lake, apapase ukuta mpaka barabarani, na miaka yote atasema ni mkamwana aliyemfukuza kwa mdomo wake. Nikashusha ngumi.

Nikarudi jikoni, nikatuma jicho. Kimya. Nikatuma alama ya kuuliza, ile nyekundu. Kimya tena. Mtoto alikuwa amelala, singeli ya jirani ilikuwa imezimwa kwa mara ya kwanza wiki nzima, na mimi nimesimama nimeikodolea simu macho kama naisubiri izae.

Ikalia.

Ulikuwa uso. Ule wa njano ambao paji lake limekuwa la buluu, mdomo wazi, na tone la jasho pembeni.

Niliutazama muda mrefu. Kwanza nilidhani kakosea kubonyeza, mtu hata haoni vizuri. Lakini uso ule hauko karibu na ndizi wala kikombe. Inabidi uutafute, usogeze nyuso nyingi kwanza, uzikatae. Aliutafuta. Yule aliyekubali kwa kimya kwamba sura ni marufuku, tena yeye ndiye mkubwa wetu, alinitumia mimi sura. Baba mkwe wangu alikuwa anaogopa. Kumbe siyo mila iliyokuwa inamrudisha Tukuyu, wala siyo mimi. Alikuwa anaogopa watu kumwingiza chuma kwenye jicho akiwa macho, na hakuwa na wa kumwambia. Mwanawe? Mzee mzima hamwambii mwanawe kwamba anaogopa. Dada yake? Angemwombea kwa sauti mpaka mtaa ujue. Aliyebaki ni mtu mmoja tu ambaye hatakiwi kumtazama, hatakiwi kumsikia, na kesho wala keshokutwa hatakutana naye mahali akaona aibu.

Nilitaka kumpa moyo. Maneno ninayo mengi, mimi ni mtoto wa Mtoni, maneno siyo shida yangu. Nikapekua zile picha zote, wanyama, matunda, bendera, mioyo ya kila rangi. Hakuna picha ya kusema usiogope. Nimehakikisha. Zipo za kuogopa tu. Moyo mwekundu nisingethubutu. Dole gumba, hapana, nisingemfanyia binadamu kitu kile. Basi nikaukumbuka uso wa shangazi, nikauomba radhi kimoyomoyo, nikamtumia mzee uso uleule alionitumia yeye. Paji la buluu, jasho pembeni. Na haukuwa uongo. Mimi pia nilikuwa naogopa tangu asubuhi.

Dakika zikapita. Nikasikia kitanda cha uani kinalia, mtu amekaa au ameinuka. Nikasikia zipu ya begi, nikafumba macho.

Simu ikalia. Sahani, na uma na kisu pembeni yake.

Anataka kula! Nilizipasha ndizi zile huku naimba, nikamwaga nusu ya mchuzi kwenye jiko, nikambeba mtoto aliyeamka kwa fujo zangu, nikaweka sahani kwenye stuli na kugonga mara sita badala ya mbili. Nikajibanza nyuma ya simtanki kusikiliza. Mlango ukafunguliwa, sahani ikaingia, na kijiko kikaanza kugonga. Nikatuma kidonge. Dole likaja upesi kuliko siku zote. Mume wangu aliporudi nilimwambia tu kwamba baba kala. Akasema safi. Ya begi, basi na sura sikumwambia.

Asubuhi walipanda bajaji ya mbele, mzee na mwanawe, mimi na mtoto tukapanda ya nyuma. Hospitalini nilikaa upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya nguzo, nimewapa mgongo. Nikasikia simu. Uso wa jasho. Nikamrudishia. Baada ya muda, tena. Nikamrudishia. Mara ya tatu nilijibu kabla hata haujatulia kwenye kioo. Mama aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama nina mgonjwa ndani, nikamwambia ninaye, baba mkwe, yule pale. Akaniuliza mbona nimekaa mbali. Nikamwambia, "Tunaongea."

Muuguzi akaita. Nikasikia viatu vyake vikiburuzika, mlango ukafungwa, na mkononi nikabaki na simu isiyolia. Haikuchukua hata saa moja. Niliona kama nimeshona sare za harusi nzima. Kisha ikalia, nikaruka, na ilikuwa mtu anayetembea. Natoka, nipishe. Nilichukua mtoto nikakimbia kutoka ukumbini nacheka peke yangu, watu wakanipisha kama mwendawazimu.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Mume wangu alinihadithia baadaye kwamba baba yake alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akasema imezeeka lini. Nyumbani alisimama uani akasoma kwa sauti kila kitu chenye maandishi: tanki, mfuko wa unga, ndoo ya rangi. Mimi nilikuwa jikoni nimevuta pazia, kwa sababu sasa kweli ananiona, natakiwa kujificha mara mbili zaidi. Nilijifuta machozi kwa kitambaa cha gauni la mteja.

Shangazi alikuja jioni kumpongeza, nao wakakaa sebuleni watatu. Pazia la jikoni ni jepesi, kila kitu kinasikika, na mzee alijua hivyo kama ninavyojua mimi. Mume wangu akaanza kueleza habari ya jicho la pili. Alikuwa ameshazungumza na daktari. Mwezi ujao linaweza kufanyiwa Mbeya, karibu na nyumbani, baba asipate shida ya kukaa huku ugenini.

"Hapana," mzee akasema. "Nitafanyiwa hapahapa."

"Baba, si ndiye wewe uliyekuwa hutaki kabisa? Ukalalamika nyumba ni moja, uani ni mmoja..."

"Kaka, nenda Mbeya," shangazi akadakia. "Huku unambana mkamwana, na wewe unabanwa. Huko ni kwenu, watu wako wote wapo."

Nilisikia kikombe kinawekwa mezani, taratibu, mahali pake, bila kumwagika.

"Wapo," akasema. "Lakini huko nikiogopa, nitamwambia nani?"

Halafu nikamsikia mume wangu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Baba, kwani uliogopa?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, maana furaha ile ilikuwa inataka kutoka kwa sauti.